Kuomba mkopo wa ATVM wa Marekani ukiwa unatengeneza sehemu nyepesi za magari

Ikitajwa mikopo ya serikali ya Marekani kwa viwanda vya magari, majina yanayokuja kwanza ni Ford na Tesla. Ni kweli walikopa, na Ford peke yake ilichukua dola bilioni 5.9. Lakini sheria iliyoanzisha mikopo hiyo haikuwalenga waunda magari peke yao. Anayetengeneza boneti za alumini, fremu za viti za magnesiamu au paneli za nyuzi za kaboni naye ana mlango wake. Mlango huo ni mwembamba. Wengi hukwama hapo kwa kupeleka maelezo marefu ya metali yao, wakati mkopeshaji anataka kujua nani atainunua na kwa miaka mingapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda, au anayemshauri mwenye kiwanda, ndani ya Marekani. Kama mashine zako zitafungwa nchi nyingine, usipoteze muda: mkopo huu hulipia viwanda vilivyo kwenye ardhi ya Marekani tu, pamoja na kazi ya uhandisi inayofanyika humo humo.

Kwanza, ujue unakopa kwa nani

Programu inaitwa kwa kifupi ATVM (Advanced Technology Vehicles Manufacturing), yaani utengenezaji wa magari ya teknolojia ya kisasa. Ilianzishwa na kifungu cha 136 cha sheria ya nishati iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Desemba 2007, na iko chini ya ofisi ya mikopo ya Idara ya Nishati, Washington. Hapa serikali haikudhamini ili uende benki. Inakukopesha yenyewe, na fedha zinatoka kwenye benki maalumu iliyo chini ya Hazina.

Masharti yake ndiyo yanayowavuta watu. Riba ni ile ile ambayo Hazina ya Marekani hukopea kwa muda unaolingana na wa mkopo wako, na hakuna kampuni changa inayoweza kuipata riba hiyo sokoni. Muda wa kulipa unafika miaka 25, au umri wa matumizi wa mradi ikiwa huo ni mfupi zaidi. Marejesho yanaweza kuahirishwa hadi miaka 5 tangu kiwanda kianze kazi.

Kuna jambo moja kuhusu fedha hizi ambalo waombaji wengi hawalielewi, nalo ndilo huamua hatima yao. Mwaka 2008 Bunge lilitenga dola bilioni 7.5, na watu wakadhani hizo ndizo za kukopeshwa. Sivyo. Hiyo ilikuwa akiba ya kufidia hasara inayotarajiwa, ili serikali iweze kukopesha hadi dola bilioni 25. Kila mkopo unaotolewa hula sehemu ya akiba hiyo kulingana na hatari yake: kampuni kubwa yenye mizania imara hula kidogo, kampuni ndogo yenye mteja mmoja hula zaidi. Kwa hiyo usitosheke kuuliza kama programu bado ipo. Uliza akiba iliyobaki inaweza kubeba mkopaji wa hatari kama yako.

Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Sheria ya Agosti 2022 iliongeza dola bilioni 3 kwenye akiba na kuondoa ule ukomo wa bilioni 25. Kisha sheria ya bajeti ya Julai 2025 ikafuta fedha za nyongeza ambazo zilikuwa hazijafungwa kwenye mikataba. Kabla hujalipa mwanasheria hata dola moja, andikia ofisi ya mikopo uulize kilichobaki na miradi inayopewa kipaumbele kwa sasa. Kuuliza hakuna malipo.

Hatua ya 1: Pima kama sehemu yako inaingia kwenye sheria

Sheria haitambui "metali nyepesi" kwa jina lake. Inatambua magari yanayostahili, na sehemu zilizobuniwa kwa ajili ya magari hayo ili kuyasaidia kutimiza kiwango.

Kwa magari mepesi, yaani ya abiria na pikapu za kawaida, kiwango ni kupunguza ulaji wa mafuta hivi kwamba ufanisi wa gari uzidi ule wa magari ya aina yake ya mwaka 2005 kwa angalau asilimia 25. Lipo pia kundi la magari yenye ufanisi wa pekee: yenye kibanda kilichofungwa, yanayobeba watu wazima wawili au zaidi, na yanayokwenda maili 75 au zaidi kwa galoni. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilipanua wigo hadi malori, treni, meli na ndege.

Sasa piga hesabu. Idara ya Nishati yenyewe husema kwamba kupunguza uzito wa gari kwa asilimia 10 huongeza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 6 hadi 8. Ukitaka kufika asilimia 25 kwa wepesi peke yake, itabidi gari lipunguzwe kati ya asilimia 31 na 42 ya uzito wake. Gari la kilo 1,600 lingebaki na kilo 1,100 au hata chini ya 1,000. Hakuna boneti itakayokufikisha huko, wala milango yote minne.

Maana yake ni kwamba sehemu yako haiombi mkopo ikiwa peke yake. Inaomba ikiwa ndani ya gari fulani ambalo kwa jumla (injini, giabox, matairi, umbo, uzito) linatimiza asilimia 25. Magari ya umeme yanavuka kiwango hicho kwa urahisi, ndiyo maana sehemu inayoingia kwenye gari la umeme ina kazi ndogo zaidi ya kujieleza. Andika jina la gari, modeli na mwaka wake. Ukijikuta unaandika "magari ya kisasa kwa ujumla", bado hujamaliza hatua hii.

Angalia pia mambo mawili yanayoweza kukubeba. Sheria iliagiza angalau asilimia 10 ya fedha zielekezwe kwa watengenezaji wa magari au sehemu za magari wenye wafanyakazi chini ya 500. Tena, katika viwanda vilivyopo tayari, kipaumbele ni kwa vile vikongwe, vyenye miaka 20 au zaidi. Jengo la zamani ambalo wengine wangeona aibu kulionyesha linaweza kuwa hoja yako nzuri kuliko zote.

Hatua ya 2: Jenga ushahidi kutoka kipande hadi gari

Hapa ndipo mhandisi wa upande wa serikali atakapokusoma kwa makini, kwa hiyo usimpe hesabu ya brosha.

Chukua boneti. Chuma kina uzito wa takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini 2.7. Brosha itasema umeokoa theluthi mbili ya uzito. Lakini ugumu wa alumini wa kupinga kupinda ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, hivyo bati la alumini linabidi liwe nene zaidi ili boneti isitetemeke kwenye barabara kuu. Ukishaongeza unene, akiba halisi hushuka na kuzunguka nusu, mara nyingi chini yake kidogo. Mpe mhandisi namba ya mwisho, iliyotoka kwenye mizani, ya kipande kilichokamilika pamoja na bawaba na gundi yake.

Baada ya uzito atauliza kuhusu viungio. Alumini haichomelewi kirahisi na chuma, ndiyo maana bodi za alumini hutegemea sana ribiti za kujitoboa na gundi za viwandani. Nyuzi za kaboni zikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa na kutu ya umeme, kwa hiyo lazima kuwe na tabaka la kutenganisha. Magnesiamu ni nyepesi kuliko chuma na alumini, gramu 1.74 tu, lakini kwa kutu ni dhaifu zaidi, na hukaa salama sehemu za ndani kama fremu za viti na dashibodi. Chuma cha nguvu ya juu hakishangazi mtu kwa wepesi, ila kinapita kwenye mashine ambazo viwanda vingi tayari vinazo, na gharama yake inavumilika. Mimi ningeanza kufikiria na hicho, hasa kwa mwombaji asiye na mtaji mkubwa.

Ukihitaji mfano wa kuonyesha kwamba soko hili si ndoto, upo. Ford F-150 ya mwaka 2015 ilipata bodi ya alumini, na kampuni ilitangaza kupungua kwa uzito kunakofika pauni 700. Tesla Model S, ambayo kiwanda chake kiliwekewa mashine kwa msaada wa mkopo huu huu, ina bodi ambayo sehemu yake kubwa ni alumini.

Kwenye jalada weka basi: matokeo ya majaribio ya kipande, barua ya kiufundi ya mwunda gari inayosema kipande kinaingia modeli gani, na hesabu ya mchango wake katika ufanisi wa gari zima. Karatasi tatu zinazoshikana ni bora kuliko mia zisizofahamiana.

Hatua ya 3: Mpate mnunuzi aliyesaini

Ningepewa nafasi ya kusisitiza hatua moja tu, ingekuwa hii. Sheria inataka mkopaji aonekane ana uwezo wa kifedha wa kusimama bila kutegemea fedha nyingine za serikali kuu, na pawe na matumaini ya kweli ya deni kulipwa. Kwa msambazaji wa sehemu, matumaini hayo yana jina moja: mkataba wa ununuzi.

Barua ya nia njema haitoshi. Tafuta mkataba unaotaja kiasi cha chini kitakachonunuliwa, kanuni ya bei (hasa nani anabeba mzigo bei ya alumini ikipanda), muda, na fidia mnunuzi akivunja. Muda wa mkataba ukiwa miaka 4 na mkopo ni wa miaka 15, jiandae kueleza pengo la miaka 11. Jibu zuri ni wanunuzi wawili au watatu, au mashine zinazoweza kugeuzwa zitengeneze sehemu za modeli nyingine bila kufumua kiwanda. Jibu baya ni kusema soko litakua.

Waunda magari hawapendi kusaini kabla hawajaona kiwanda, na mkopeshaji hapendi kukupa kiwanda kabla hawajasaini. Njia ya kutoka hapo ni mkataba wenye masharti: mnunuzi anajifunga kununua endapo sampuli zitapita ukaguzi wake na kiwanda kitafika uzalishaji fulani kwa tarehe fulani. Mkopeshaji anaweza kufanya kazi na karatasi kama hiyo.

Hatua ya 4: Panga hesabu za mradi

Mkopo hauvuki asilimia 80 ya gharama zinazokubalika. Zinazobaki ni mtaji wako. Tuseme mradi wako ni dola milioni 100. Mkopo mkubwa kabisa ni milioni 80, na wewe lazima uonyeshe milioni 20 zilizopo, si za kuahidiwa na binamu. Usitegemee kufika huo ukomo: hatari ikionekana kubwa, utatakiwa kuweka zaidi.

Gharama zinazokubalika ni za kujenga, kupanua au kufunga mashine mpya kiwandani, pamoja na uhandisi wa kuingiza sehemu yako kwenye gari. Utafiti wa maabara hauhesabiwi, wala gharama za kuendesha kiwanda kikishaanza. Watu wa nyuzi za kaboni huumia sana hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya mahitaji yao bado ni utafiti. Teknolojia yako ikiwa bado kwenye meza ya maabara, ruka hadi mwisho wa mwongozo huu.

Kuomba hakuna ada. Kuna ada ya asilimia 0.1 ya mkopo wakati wa kusaini, yaani dola 80,000 kwa mkopo wa milioni 80. Kinachouma ni kingine: mawakili, wahandisi huru na washauri wa soko wanaoifanyia kazi serikali wakati wa kukuchunguza hulipwa na mwombaji. Unalipa wa kwako na unalipa wa kwao, mkopo upatikane usipatikane. Kwa mradi mdogo gharama hizo zinaweza kumeza faida yote ya riba nafuu, kwa hiyo linganisha na mkopo wa benki kabla hujajitosa.

Hatua ya 5: Zungumza kabla ya kuomba, kisha omba

Ofisi ya mikopo hufanya mazungumzo ya awali na waombaji. Yatumie. Nenda na kurasa chache zenye mambo manne: kiwanda kiko wapi, kipande ni kipi na kinaingia gari gani, nani ananunua, mtaji unatoka wapi. Sikiliza maswali watakayorudia, maana hayo ndiyo mashimo ya ombi lako.

Ombi lenyewe hupokelewa kwa njia ya mtandao. Kwanza huangaliwa kama limekamilika na kama unastahili, ndipo uchunguzi wa kina uanze. Jalada lenye kurasa zinazopungua husubiri, na kusubiri kunagharimu mishahara.

Hatua ya 6: Uchunguzi wa kina

Hii ndiyo sehemu ndefu, na wengi huishiwa pumzi hapa. Baada ya mkopo wa mwaka 2011, programu haikufunga mkopo mwingine hadi Julai 2022, ilipoikopesha Syrah Technologies dola milioni 102.1 kwa kiwanda cha malighafi ya betri kule Vidalia, Louisiana. Usipange tarehe za kununua mashine kana kwamba hela zitaingia robo mwaka ijayo.

Wakati wataalamu wanapekua hesabu zako, yapo mambo mawili ya kushughulikia mapema. La kwanza ni tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya serikali kuu. Kiwanda kinachopanuliwa ndani ya jengo lililopo hupita kwa urahisi kuliko kinachojengwa kwenye shamba jipya lenye kijito. Jihadhari kuanza kuchimba msingi kabla tathmini haijaisha, waulize kwanza. La pili ni mishahara ya ujenzi: vibarua na mafundi lazima walipwe si chini ya viwango vya eneo husika vinavyotangazwa na Wizara ya Kazi. Kama mkandarasi wako alikupa bei bila kujua hilo, bei hiyo imeshakufa.

Hatua ya 7: Ahadi yenye masharti si fedha

Ukipita, utapewa ahadi yenye masharti. Magazeti yataandika kwamba umepata mkopo. Hujaupata.

Julai 2011 kampuni ya chuma ya Severstal ilipewa ahadi ya namna hiyo ya dola milioni 730, kwa ajili ya kutengeneza chuma cha nguvu ya juu cha magari huko Dearborn, Michigan. Januari 2012 ahadi ilifutwa. Machi 2015 ikawa zamu ya Alcoa, dola milioni 259 kwa kiwanda chake cha Tennessee kitengeneze alumini ya magari. Mkopo huo nao haukufika kwenye saini ya mwisho. Hizo ni ahadi mbili kubwa zilizotolewa kwa watengenezaji wa metali za kupunguza uzito wa magari, na zote mbili ziliishia njiani. Kwa hiyo usiagize mashine kwa nguvu ya ahadi, wala usimwahidi mnunuzi tarehe inayotegemea ahadi.

Kati ya ahadi na saini, kila sharti lina mwenye kulitimiza na tarehe. Tengeneza orodha, uipitie kila wiki na timu yako.

Hatua ya 8: Baada ya kusaini

Fedha hazimwagwi kwa mkupuo. Unazivuta kidogo kidogo kadiri unavyofikia malengo yaliyoandikwa kwenye mkataba, na ukichelewa bomba hufungwa. Fisker, mwunda magari ya umeme, aliahidiwa dola milioni 529. Alikuwa ameshavuta takriban milioni 192 wakati serikali iliposimamisha malipo mwaka 2011 kwa sababu alishindwa kufikia malengo. Kampuni ilifilisika mwaka 2013 na Idara ya Nishati ikabaki na hasara ya milioni 139. Tesla, iliyokopa milioni 465 mwaka 2010, ililipa deni lote Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda.

Unapojadili malengo hayo, usijionyeshe shujaa. Lengo la kuzalisha vipande 10,000 mwezi wa kwanza litampendeza kila mtu mezani siku ya kusaini, kisha litakufungia fedha mwezi wa tatu. Weka tarehe ambazo meneja wako wa uzalishaji, si wa mauzo, anaziamini.

Na tunza kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari linakaguliwa: kila ankara ya mradi, kila karatasi ya malipo ya mafundi, kila mabadiliko ya bei ya mkandarasi. Mtenge mtu mmoja kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Kama mkopo huu haukufai

Wadogo wengi wataona hawafiki. Njia ya kwanza ya pembeni ni kumwacha mnunuzi wako mkubwa aombe, na mashine zako ziingie kama sehemu ya mradi wake. Utapoteza uhuru kiasi, ila gharama za uchunguzi zitakuwa zake.

Wenye teknolojia ambayo haijaiva wabishe hodi Oak Ridge, Tennessee, ambako maabara ya taifa ina kituo cha majaribio ya nyuzi za kaboni kinachofanya kazi na viwanda, au Detroit kwenye taasisi ya LIFT, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya metali nyepesi. Huko hupati mkopo wa kujenga kiwanda. Unachoweza kutoka nacho ni matokeo ya majaribio, yale yanayotakiwa kwenye jalada la hatua ya 2.